Sufuria Lililozama Kitangiri

Tumbo lake linaelea juu ya maji, koo lake limezama, na mdomo wake uko kinywani mwa mtu mwingine. Ni nini hicho?

Mama Selina alijitegea kitendawili hicho mwenyewe asubuhi, ameinama uani mbele ya mashine ya mkwewe, na alipokitegua akacheka peke yake mpaka kuku wakatawanyika. Si ndiyo hii hapa! Tumbo ni injini ndogo ya petroli pamoja na pampu yake ya hewa, vimefungwa juu ya mpira wa ndani wa tairi la trekta ili vielee. Koo ni ule mpira wa njano, mrefu kama kamba ya kisima. Na mdomo ni kile kidude ambacho Enock, mume wa Selina, hukiuma kwa meno anapopiga mbizi, akawa anavuta hewa ya huku kwetu wakati mwenyewe yuko kule kwa samaki.

Angecheka zaidi, ila alikuwa na jambo. Sufuria lilikuwa limezama.

Wala usifikirie sufuria la chai. Lilikuwa sufuria la kikundi cha akina mama, kubwa kiasi kwamba mtoto akiingia kulisugua ndani, mama yake anamtafuta nyumba za jirani. Kijijini pale hapakuwa na harusi wala msiba wala kipaimara bila sufuria lile, na mtunzaji wake alikuwa Mama Selina, aliyechaguliwa kwa watu kunyoosha mikono. Jana yake alikuwa akilirudisha kutoka ng'ambo ya ziwa Kitangiri, walikoliazima kwa shughuli, ndani ya mtumbwi wa mzee Laurenti. Wakiwa wamebakiza kidogo kufika, kuku wawili aliopewa zawadi wakajifungua kamba za miguu. Mama Selina akaachia sufuria, akashika kuku. Kuku akawapata. Sufuria likakaa juu ya maji kidogo, likazunguka kama linaaga, likanywa, likaenda zake.

Na Jumamosi ni harusi ya Eliana, kitinda mimba wake. Wageni wanatoka Kiomboi, wengine Singida mjini, basi zima.

"Wapikie kwa zamu," mzee Laurenti alimwambia huku akikamua suruali. "Wa Kiomboi wale Jumamosi, wa mjini waje Jumapili."

"Laurenti, usinichekeshe, nina aibu mie."

"Aibu ya nini? Kuku si unao."

Aibu ilikuwa na jina, jina lenyewe Rebeka, mwenyekiti wa kikundi. Rebeka alikuwa bado hajui. Akijua, atamvua Mama Selina utunzaji mbele ya umati, tena kwenye harusi ya mwanawe wa kumzaa, na pilau yenyewe haipo.

Sasa Mungu naye ana mipango yake. Selina na mumewe walikuwa wamekwisha kuja kwa ajili ya harusi kutoka Mwanza, ambako Enock anashona nyavu za vizimba vya samaki chini ya maji. Na Enock haachi vyombo vyake kwa mtu. Alivipandisha juu ya basi, kondakta akamtoza kama mwenye mashine ya kukoboa mahindi.

Kwa hiyo mpiga mbizi yumo nyumbani, na mashine imo nyumbani. Wewe unauliza, kilichobaki nini? Kilichobaki ni ukwe. Katika ukoo ule, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawasemezani. Enock akitokea mlangoni, Mama Selina anajifunika kanga na kugeukia ukuta. Mama Selina akipita njiani, Enock anaingia kwenye mtama wa watu. Wakiwa na la kuambiana, anatumwa Selina. Na Selina asipokuwepo, basi mtu anaongea na kuku, mwenzake anasikia.

Ndivyo habari ya sufuria ilivyofika. Mama Selina alisimama nyuma ya ukuta ambako Enock alikuwa akila ugali, akamshika tetea mmoja, akamsimulia yote toka mwanzo, hata kwa machozi. Tetea akanyamaza. Upande wa pili wa ukuta sauti ikasema, "Kuku, mwambie mama asilie. Kesho tunalitoa."

Asubuhi basi, kwa furaha ya kusaidiwa, Mama Selina alitaka kushukuru. Akaitazama mashine kwa makini. Ile injini ilikuwa na mafuta yake, sawa. Lakini pampu iliyokuwa pembeni ilikuwa kavu, maskini, haina hata tone! Yeye ana cherehani miaka yote, na anajua kila mashine yenye kitundu inaomba kulainishwa. Akaleta chupa ya mafuta ya alizeti, alizeti ya shamba lake, iliyokamuliwa juzi, bado inanukia. Akamimina kijiko kimoja kwenye kitundu. Halafu kingine, cha heshima.

Enock alipotoka, aliwasha injini, akaiacha iungurume kwanza, akachukua kidomo akavuta hewa ya majaribio. Akasimama. Akavuta tena. Akakitoa kinywani akakitazama.

"Selina," akaita. "Nani anakaanga vitumbua?"

"Hakuna anayekaanga."

"Basi vinakaangwa humu ndani."

Selina akanusa, akashika tumbo lake, akakimbilia nyuma ya choo kutapika. Alikuwa na mimba changa, na harufu ya petroli ilikuwa haimtaki. Ikichanganyika na ya vitumbua ndiyo kabisa.

Mama Selina aliyekuwa nyuma ya kihenge akajua amekwisha. Akamkamata tetea.

"Kuku," akasema polepole, "kuna mtu ameweka alizeti kwenye ile pampu. Mwambie mwenyewe kwamba huyo mtu alikuwa na nia njema."

Injini ikazimwa. Kisha sauti ya Enock, na ilikuwa inajizuia kucheka: "Kuku, mwambie huyo mtu ahsante sana. Lakini pampu hii hainywi mafuta ya aina yoyote. Imetengenezwa ijisugue kavu. Mafuta yakiingia yanapata moto, yanageuka moshi, moshi unakwenda kwenye mapafu ya mtu aliye chini. Mtu anakufa huku ananukia chapati."

"Mama yangu weee!" Mama Selina akapiga kelele, akamwachia kuku.

Ikabidi kazi ianze upya. Enock aliifungua pampu juu ya sinia, kila skrubu akiiweka kwenye kifuniko isipotee. Akaosha vipande kwa maji ya moto na sabuni, akavifuta, akavianika. Chujio la hewa, ambalo lilikuwa limelewa alizeti, akalitupa, akatia jipya kutoka kwenye mfuko. Akaupitisha mpira wa njano wote mikononi mwake, akiukunja pole pole na kuusikiliza kwa vidole kama una ufa. Akapuliza kwa mdomo kwenye kivali kidogo kinachoruhusu hewa kwenda chini na kuikataza kurudi juu, kikakataa, akaridhika. Halafu akasema apewe kitambaa cheupe, cheupe kweli.

Mama Selina akatoa kilemba chake cha kanisani. Kikapita kwa Selina, kikamfikia Enock, akakiweka kwenye mdomo wa mpira, akawasha. Hewa ikapuliza. Kilemba kikapata doa la njano. Wakangoja, mashine inaunguruma, kilemba kikageuzwa upande, doa likawa dogo. Kikageuzwa tena. Mama Selina alikuwa anachungulia kwa jicho moja kutoka kwenye kihenge, na safari ile kitambaa kilipotoka cheupe kama kilivyoingia alijikuta anapiga kigelegele, peke yake, asubuhi ile, bila harusi.

Likabaki swali moja: nani atashika kamba? Mpiga mbizi hawezi kwenda chini bila mtu juu wa kushika kamba yake na kuitazama mashine. Kazi hiyo ni ya Selina siku zote, na Selina sasa hivi hawezi kuisogelea petroli. Mzee Laurenti atashika pondo, mtumbwi usihamishwe na upepo. Vijana wote wamekwenda mnadani.

"Kuku," Mama Selina akasema, hakungoja hata kumshika, "mwambie nitashika mimi."

Selina alicheka mpaka akakaa chini. "Mama! Wewe unaogopa hata beseni!"

"Naogopa maji. Kamba siogopi."

Basi akafundishwa ishara, Enock akisema huku amegeukia zizi, Selina akirudia. Kuvuta mara moja ni kuuliza, u mzima? Naye anajibu mara moja, ni mzima. Mara mbili, nilegezee. Mara tatu, nimepata. Mara nne, njoo juu, au nivute juu. Mama Selina akarudia: moja legeza, mbili mzima, tatu… akapotea. Akarudia tena, akamlegeza mzima na kumvuta aliyepata. Enock kule kwenye zizi alikuwa amefunika uso kwa mikono.

"Ngojeni," Mama Selina akasema. "Ngojeni kwanza. Mimi nikivuta mara moja nimesema: kitendawili! Yeye akivuta mara moja amesema: tega! Asiponijibu tega, kuna jambo. Mara tatu, jibu limepatikana. Mara nne, mtu ameshindwa, nipe mji, na mji wenyewe ni huku juu. Hapo sikosei hata nikiwa nimelala."

"Na mara mbili?"

"Mara mbili ni mtu anajikuna kichwa, mwongezee nafasi afikiri."

Hakukosea tena hata mara moja.

Ziwani walikaa hivi: mzee Laurenti mbele na pondo lake, Enock katikati na miwani yake ya kuzamia na mkanda wa vipande vya risasi vya kumzamisha kiunoni, Mama Selina nyuma. Enock na mama mkwe walipeana migongo. Mtumbwi ni mwembamba, migongo ilikuwa inakaribiana, kila mmoja amejikunja kama anakwepa moto.

"Mko kama watu waliogombana kwenye picha," mzee Laurenti akasema.

"Tazama mbele wewe."

Mashine iliwekwa majini ikaelea pembeni, imefungwa kamba kwenye mtumbwi. Petroli ilikuwa imejazwa nchi kavu, injini ikiwa baridi. Juu ya pampu palisimama bomba refu kama dohani, hilo ndilo la kuvutia hewa, na bomba la moshi lilikuwa upande wa pili, chini.

"Mzee, shikamoo yako nimekwisha kuitoa, sasa nisikilize," Enock akamwambia Laurenti, maana yeye aliruhusiwa kumwambia. "Hilo refu likae upande upepo unakotoka. Moshi uende zake kule. Upepo ukigeuka, mashine igeuzwe. Moshi ukiingia kwenye hilo bomba mimi nitauvuta, na sitajua mpaka kichwa kizunguke."

"Nimesikia."

Mama Selina naye alisikia. Akaloanisha kidole, akakiinua juu, apate kujua upepo ulipo.

Enock akawasha injini, akauma kidomo, akavuta pumzi mara kadhaa, akateleza majini na kamba ya pili, ya kulifunga sufuria, ncha yake moja ikibaki mtumbwini. Chubwi! Mapovu yakaanza kuja juu, yanapasuka pasuka kama uji unaochemka. Mpira wa njano ukaanza kujinyoosha, mduara baada ya mduara, na Mama Selina akaupitisha mkononi usipate mkunjo. Chini kule ni tope, Enock haoni hata mkono wake. Anapapasa kwa kuzunguka, kama anayetafuta kiatu mvunguni.

Mama Selina akavuta mara moja. *Kitendawili.*

Akangoja. Kamba ikamjibu mkononi, tik. *Tega.*

Usiniulize alivyofurahi. Tangu Selina aolewe hajawahi kusema na mkwewe neno lolote lisilopitia kwa mtu au kwa kuku, na sasa wanazungumza! Anauliza, anajibiwa! Akavuta tena. Tik. Akavuta tena, akacheka kwa sauti. Tik. Akavuta.

"Mama Selina, mwache mtu afanye kazi!"

"Namsalimia."

"Umemsalimia mpaka amechoka! Mkono wake huo hata sufuria hautalishika, anakuitikia wewe tu!"

Kamba ikavuta mara mbili. Anajikuna kichwa. Akamwongezea nafasi. Mapovu yakasogea upande wa kulia, yakaja upande wa kushoto, yakatulia mahali pamoja. Mzee Laurenti akaanza kusimulia jinsi alivyojua toka mwanzo kwamba kuku wale wangeleta balaa, na Mama Selina akawa anamjibu kwa mdomo tu, moyo wake wote uko kwenye vidole.

Ndipo akapiga chafya.

Moshi. Moshi wa petroli, usoni mwake. Upepo wa Singida una tabia hiyo, unakuja huku unaangalia kule. Akatazama bomba refu, na lilikuwa limezungukwa na ukungu wa buluu, linaunywa kama mlevi.

"Laurenti! Upepo!"

"Nauona, pondo limekwama kwenye tope!"

Akavuta kamba mara nne, kwa nguvu. *Nipe mji, njoo juu!* Kamba haikujibu. Akavuta tena nne. Kimya. Mapovu yapo, lakini kamba haisemi. Sufuria likamtoka akilini kama vile halikuwahi kusuguliwa. Harusi ikamtoka. Aliona uso mmoja tu, na ulikuwa wa Selina na tumbo lake.

Mtu anayeogopa beseni akaegemea nje ya mtumbwi mpaka kiunoni. Akanyakua kasia, akalipachika kwenye kamba iliyofunga mashine, akausukuma mpira wa trekta na mashine yake yote. Ikagoma. Akaisukuma tena huku anaitukana matusi ambayo mzee Laurenti alikuwa hayajui. Ikazunguka, pole pole, bomba refu likaingia kwenye upepo, moshi ukapindukia upande wa pili. Akavua kanga, akapepea moshi uliobaki kama mtu anafukuza nyuki kwenye mzinga. Halafu akashika kamba, akavuta mara moja.

*Kitendawili.*

Maji yakawa maji tu.

Tik.

"Amesema tega!" Mama Selina akapiga kelele. "Laurenti, amesema tega!"

Kamba ikavuta tatu. Ikapumua. Ikavuta nne. Mama Selina akavuta kwa mikono miwili kama anatoa ndoo kisimani, na hapo mkono ukatokea, ukashika ukingo wa mtumbwi, ukateleza. Kichwa kikatokea, miwani imekaa upande, kinacheka cheko la kilevi. Mkono ukashika tena, ukateleza tena.

Mama Selina akaukamata. Akaukamata kwenye kifundo kwa mikono yake yote miwili, akamtazama mkwewe usoni, machoni kabisa, akamvuta.

Mzee Laurenti aliachia pondo. "Mama Selina! Umemshika mkwe!"

"Nimeshika kamba," akasema, hajamwachia. "Yeye ndiye mwisho wake."

Enock aliingizwa mtumbwini kama gunia la vitunguu, akalala chali, akapumua hewa ya Mungu. "Mama," akasema, moja kwa moja, hata kuku hakuwepo, "hewa ilianza kunuka gari. Kichwa kikawa chepesi. Nilisikia unaniita, lakini mikono yote ilikuwa inafunga fundo, na nilikuwa naona mafundo mawili. Mara hewa ikawa safi. Nani aligeuza mashine?"

"Mimi."

"Ulijuaje?"

"Nilipiga chafya."

Wakatazamana, wakaanza kucheka. Walicheka mpaka mtumbwi ukayumba na mzee Laurenti akaomba wamwonee huruma, hajui kuogelea. Ukweli ni kwamba hapo mtumbwini hakuna aliyejua, isipokuwa yule aliyelala.

Kamba ya sufuria, iliyofungwa vizuri kwenye mkono wa sufuria, ilipelekwa mpaka ufukweni. Likawa zito, limejaa tope. Selina alikuwa ameketi mbali na petroli, akaita watu waliokuwa wakipita. Wakaja wanawake kutoka kuchota maji, wakashika, wakaanza kuvuta kwa wimbo, na aliyeshika mbele kabisa, mwenye mabega mapana na sauti ya kuongoza, alikuwa Rebeka.

Mama Selina alimwona, lakini alikuwa tayari amechelewa. Maji yakavimba, mdomo mweusi ukatokea, kisha sufuria zima likapanda mchangani likitiririka.

Wimbo ukakatika.

"Hili," Rebeka akasema, "si sufuria letu?"

"Ndilo," Mama Selina akasema.

"Lilikuwa linafanya nini humo?"

Kabla hajajibu, tope la ndani ya sufuria likajigeuza. Likapiga mkia. Kambale mnene, sharubu zake ndefu kama za mwenyekiti wa mtaa, akachungulia ukingoni kuona nani anamsumbua nyumbani kwake.

"Lilikuwa linavua," Mama Selina akasema.

Wanawake wakaanguka mchangani kwa kucheka. Rebeka alijitahidi, alijitahidi kweli kubaki mwenyekiti, mdomo ukamtetemeka, akajifunika kanga usoni na mabega yakaanza kuruka. Alipopata pumzi alilizunguka sufuria, akaligonga kwa ngumi, akalisikiliza linavyolia, akakuna tope kwa ukucha.

"Zima," akatamka. "Majivu na mchanga, litang'aa. Jumamosi tunapika. Na wewe utaendelea kulitunza, maana sasa hakuna mwingine anayejua kulitoa." Kisha akainua kidole. "Na mfuniko wake?"

Watu wakatazama ziwa. Mzee Laurenti akatazama mawingu. Enock, aliyekuwa ameketi mchangani, akaanza kujiinua kutafuta mkanda wake wa risasi.

"Enock, kaa chini," Mama Selina akasema. Selina akamgeukia mama yake, mdomo wazi. "Kichwa kimetulia?" Mama Selina akamuuliza mkwewe.

"Bado kinazunguka kidogo, mama."

"Basi leo huzami tena. Rebeka, pilau nitaifunika kwa sinia. Mkwe wangu nitamfunika na nini?"

Kulikuwa na wazee watakaotaka kusema juu ya kugusana kule, na huenda beberu mmoja akachinjwa ili mambo yakae sawa, hilo litazungumzwa. Kwa sasa Mama Selina alichukua kidomo, akakisuuza kwa maji safi ya ndoo, akakikung'uta, akakitia kwenye mfuko wake. Akaanza kuuviringisha mpira wa njano kwa miduara mikubwa isiyo na mkunjo. Nyuma yake wanawake walikwisha kuinua sufuria kichwani, wanne kwa pamoja, kambale ndani, wimbo umewashwa upya, wanarudi nyuma wakicheza.

"Weee!" akawapigia kelele. "Angalieni miguu! Msikanyage mpira!"